Damu Imepanda, Miguu Imelala

Benchi lenyewe halikuzaliwa benchi. Lilikuwa ubao wa kukaushia karatasi, na siku kiwanda cha chapa kilipofungwa, mashine zikauzwa kwa kilo kama chuma chakavu, mtu mmoja aliubeba ubao ule begani, akautoa nje, akaulaza juu ya matofali, akakaa. Wenzake walikuja kumwuliza anangoja nini, nao wakakaa. Ndani siku hizi wanauza simu na vifuniko vya simu, kwa muziki usio na mwisho, lakini ukuta wa nje, pale migongo inapoegemea, bado una alama za vidole vya wino ambazo kila rangi mpya imeshindwa kuzifuta. Hapo ndipo wanapokutana jioni watu wanne. Wa kwanza ni Mzee Risasi, ambaye wageni hudhani alikuwa askari, kumbe risasi zake ni zile za madini, herufi alizokuwa akizipanga mojamoja mpaka zikawa gazeti. Wa pili ni Bi Nukta, msoma prufu, yaani karatasi za majaribio zinazosahihishwa kabla ya kuchapwa, ambaye hata leo mtu akikosea neno mbele yake vidole vyake hushika kalamu isiyokuwapo. Wa tatu ni Gundi, mjalidi wa vitabu, mwenye chupa ya kahawa. Wa nne ni Daktari, ambaye udaktari wake wote aliupata kwa kupeleka vifurushi vya chapa mahospitalini kwa baiskeli.

Siku hiyo Mzee Risasi alifika wa mwisho. Siku hizi alitembea kama mtu anayekatiza juu ya godoro, na alipolifikia benchi alilitafuta kwa mkono kwanza, ndipo akalikabidhi makalio. Alishusha pumzi, akapokea kikombe.

— Umechelewa, alisema Gundi. Tulishaanza kugawana nafasi yako.

— Gawaneni. Lakini atakayerithi ajue anarithi kwa mtu mwenye damu ya kijana.

— Umeanza.

— Nimetoka kupima tena, bwana! Yule binti wa maabara kanichoma kidole, kaangalia mashine yake, kaniangalia mimi, karudi kwenye mashine. "Baba," ananiambia, "damu yako nzuri kuliko yangu."

— Ukamjibu nini?

— Nikamwambia ale vizuri.

Walicheka. Mzee Risasi akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kopo dogo jeupe, akalitikisa sikioni. Vidonge vikalia chakacha, chakacha. Alipenda sauti ile. Ilimkumbusha kasha la herufi asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, unapolivuta kutoka kwenye rafu na vyumba vyake vyote vidogo vinaamka kwa pamoja.

— Foliki, alisema, kama anayemtambulisha mkwe. Asidi ya foliki. Kidonge cha damu.

Kopo hilo lilikuwa na historia yake, na benchi zima liliijua. Binti wa Mzee Risasi alizaa mtoto wa kwanza ambaye mgongo wake haukujifunga, uti ukabaki wazi. Mtoto hakuona jua la pili, na hapo benchini jambo hilo huwa halitajwi kwa jina, husemwa tu "wakati ule." Alipotaka kujaribu tena, daktari alimpa vidonge hivi, akamwambia ameze kila siku kabla hata ya kushika mimba, na aendelee miezi ya mwanzo. Safari hiyo alizaliwa msichana, mgongo umenyooka kama mlingoti, na sasa anapanda kila kitu kinachopandika nyumbani kwa babu yake. Kwa hiyo mbele ya macho ya Mzee Risasi vile havikuwa vidonge tu. Ulipomjia uchovu, ngazi mbili tu akihema, viganja vikapauka, na akaambiwa damu imepungua, hakwenda mbali. Alikumbuka kopo lililobaki kabatini. Alimeza, na baada ya wiki kadhaa pumzi ikarudi. Kopo lilipokwisha alilipeleka duka la dawa, akalionyesha kwa kidole kama mtu anayechagua kitambaa, akapewa jingine. Na jingine. Na jingine.

— Mimi nimefurahi, alisema Bi Nukta. Tena nimefurahi sana, kaka. Sasa niambie, mbona umekuja umeshika ukuta?

— Ukuta wa nani?

— Wa duka la viatu, na wa kinyozi, na huu. Nilikuwa nakuangalia tangu kona ile.

Mzee Risasi alipuliza kahawa yake kuliko ilivyohitaji.

— Ni jambo dogo, alisema. Damu imepanda, miguu imelala.

— Imelala vipi?

— Imelala. Nikisimama ni kama nimevaa soksi, na sijavaa. Usiku inachomachoma kama sindano. Mchana hainiambii kitu.

Hakusema habari za vidole. Hakusema kwamba asubuhi ile vifungo vya shati vilimchukua muda mpaka chai ikapoa, wala kwamba wiki iliyopita alifungua boksi lake la ukumbusho, akatoa herufi moja ya risasi, akaizungusha vidoleni kutafuta ule mkato mdogo wa ubavuni. Kila herufi inao. Zamani kidole gumba kiliusikia mkato kabla jicho halijafika, na mtu akajua kama herufi imesimama au imepinduka kichwa chini. Alikuwa akifanya hivyo huku akisimulia mpira. Juzi alizungusha mpaka mkono ukachoka, hakuusikia, na akairudisha herufi ile haraka kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

— Hilo ni jambo la kisayansi, alisema Daktari, akaweka kikombe chini, na wote wakajua kwamba sasa watahutubiwa. Wewe umekula risasi maisha yako yote. Umeishika, umeivuta puani, mkate umeula na mikono hiyohiyo. Sasa umezeeka, mwili umelegea, risasi inashuka. Ni nzito ile! Imeteremka mpaka miguuni, imetulia.

— Risasi ilinilisha, alisema Mzee Risasi kwa ukali. Isingenifanyia hivyo.

— Mimi naona ni damu yenyewe, alisema Gundi. Imezidi. Gundi ikiwa nzito mno, bwana, haifiki kwenye pembe za jalada. Inajaa katikati, pembeni pakavu. Kitabu kinafunguka miguu. Wewe unatakiwa uongeze maji.

— Nakunywa maji.

— Ongeza. Upungue uzito wa gundi.

— Kidonge cha nani kwanza, hicho? Daktari aliuliza. Si cha wajawazito?

— Cha kwao na cha wengine.

— Basi! Kisayansi, dawa inatafuta kazi iliyozoea. Imeingia, imezunguka, mtoto haimwoni. Imeshuka chini. Mzee mwenzangu, miguu yako ina mimba.

Gundi alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Hata muuza simu alitoa kichwa mlangoni kuona kulikoni.

— Hebu nyanyua nikuone, Daktari aliendelea, akiinama. Kama imevimba, tutafute na jina la mtoto.

— Miguu yangu haiko kwenye maonyesho! Mzee Risasi aliisukuma nyuma, chini kabisa ya benchi. Kaa na kahawa yako.

— Mimi nasema imestaafu, Gundi alisema, sasa kwa sauti nyingine, ya chini. Tumecheka, lakini mimi nasema hivyo. Mnaikumbuka ile mashine ndogo ya pedali, ya kadi za harusi?

Nani asiyeikumbuka. Ilikaa karibu na dirisha, na wapangaji herufi waliiendesha wenyewe kazi ilipokuwa ndogo. Mguu mmoja chini, mmoja kwenye pedali. Kadi inaingia, kadi inatoka. Mzee Risasi aliiendesha kwa mwendo wake mwenyewe, na wanawake wa chumba cha kukunja karatasi walisema mtu anaweza kuucheza. Kuna mmoja aliucheza kweli, na mwishowe akawa mke wake; naye sasa hayupo.

— Mguu uliozoea vile, alisema Gundi, ukiunyima pedali unafanyaje? Unakata tamaa. Mashine waliipakia kwenye lori, mguu ukabaki unangoja. Umengoja, umengoja, umesinzia.

Upepo wa jioni ulipita na karatasi mbili za duka la simu. Mzee Risasi aliangalia dirisha, ambalo sasa lina picha ya msichana mwenye meno mengi akishika simu, na moyoni alisema kwamba katika maelezo yote aliyoyasikia kuhusu miguu yake, hili ndilo zuri kuliko yote. Lilikuwa upuuzi mtupu. Lakini mtu akikwambia kwamba mguu wako unaomboleza, hakuambii uende ukapimwe.

— Pengine ndivyo, alisema polepole.

— Pengine sivyo, alisema Bi Nukta.

— Bi Nukta, acha watu wakumbuke.

— Kumbukeni. Mimi nimekuzuia kukumbuka? Nauliza tu unameza kiasi gani.

— Kimoja. Kimoja tu kwa siku, sina tamaa. Kimeandikwa tano.

Daktari alinyanyuka nusu, kama aliyechomwa.

— Tano? Tano tu? Mzee mwenzangu, ndiyo maana! Pale kliniki, ukutani, kuna tangazo kubwa la akina mama. Nimelisoma kwa macho yangu nikimsubiri mke wangu. Foliki, mia nne kila siku. Mia nne! Wewe unameza tano unategemea ifike miguuni? Imeishia kiunoni hiyo!

— Mia nne? Gundi alianza kuhesabu kwenye vidole. Kwa vidonge vya tano tano... hapo anatakiwa ameze themanini.

— Themanini kwa siku, alithibitisha Daktari. Kisayansi.

— Kopo halitoshi, alisema Mzee Risasi, na kwa mshangao wake mwenyewe aliona ameshalifungua na vidonge vimemwagika kiganjani. Aliviona vimekaa pale. Vilikuwa vingapi, kiganja hakikumwambia. — Labda nianze na vitano, nione.

— Rudisha!

Bi Nukta hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alikuwa amefanya kazi miaka yote ndani ya kelele za mashine kwa kunyanyua nyusi tu, na mtu akajua ameruka mstari. Kwa hiyo alipopaza, muziki wa dukani ulionekana kama umepungua.

— Rudisha ndani ya kopo, kaka. Vyote. Nyinyi watu mmeisahau ile herufi yenye mkia?

Gundi akatabasamu, tabasamu lililoanzia mbali.

— Siku ya mikia, alisema.

— Siku ya mikia, alisema Daktari.

Ilikuwa kazi ya haraka kutoka kwa watengenezaji wa dawa: karatasi za kutia ndani ya maboksi. Ndani yake kulikuwa na kipimo kinachoandikwa kwa herufi ambayo haikuwamo katika kasha lolote la kiwanda: kama u, ila mguu wake wa kushoto umeteremka ukawa mkia. Meneja alisema wekeni m, nani atajua. Bi Nukta alikataa kutia sahihi prufu. Meneja alisema basi wekeni u. Bi Nukta alisema ataweka u kama na mkia utawekwa. Karatasi zilipotoka mashineni, alivuta kiti, akachukua kalamu ya wino mweusi, akaanza kutia mikia kwa mkono, moja baada ya nyingine. Gundi alimwonea huruma, akakaa naye. Daktari aliegesha baiskeli. Mzee Risasi alinawa mikono kwa mafuta ya taa, akaja. Mwishowe kiwanda kizima kilikaa sakafuni kinatia mikia, mpaka meneja naye akavua koti. Waliimba. Gundi alitia mkia wa panya kwenye moja, na Bi Nukta akaigundua katikati ya rundo na kuichana. Kwa maisha yote yaliyofuata, kitu chochote kilichofanywa kwa uangalifu pale kiwandani kilisifiwa hivi: hiki kina mkia.

— Haya, alisema Bi Nukta. Ule mkia ulikuwa wa nini?

Waliangaliana.

— Wa urembo? Gundi alijaribu.

— Wa mikrogramu! Nilipiga kelele siku nzima! Miligramu moja ukiigawa mafungu elfu, fungu moja ndilo lenye mkia. Zile mia nne za ukutani, Daktari, zina mkia. Tano za kaka hazina, ni miligramu. Tano zake ni elfu tano za ukutani.

— Ngoja, alisema Daktari. Unasema tano ni kubwa kuliko mia nne?

— Zaidi ya mara kumi na mbili.

— Hesabu za siku hizi zimeharibika.

— Ni zilezile za zamani. Ni wewe uliyekuwa unazibeba kwenye baiskeli bila kuzisoma.

Mzee Risasi alikuwa akirudisha vidonge koponi kimoja kimoja. Viwili vilimponyoka vikadondoka, na hakujua mpaka alipovisikia vikigonga ubao.

— Sawa, ni vikubwa, alisema. Lakini ni vitamini. Binti yangu alimeza hivihivi, na mtoto mmemwona.

— Nimemwona, na nimembeba. Bi Nukta aliteremsha sauti. Binti yako alipewa na daktari, kwa kilichompata wakati ule, na aliambiwa aanze lini na aache lini. Mwanamke mwingine anayetarajia kuzaa hupewa zile ndogo za mkia, na bora aanze mapema, kwa sababu mgongo wa mtoto unafungwa mwanzoni kabisa, mama mwenyewe hajajua kama ana mimba. Hiyo ndiyo kazi yake, na ni kazi kubwa. Mtu mzima mwingine, foliki ya vidonge isizidi elfu moja za mkia kwa siku, ila daktari aseme. Wewe nani alisema?

— Kopo lilisema.

— Kopo la binti.

— Lakini damu imepanda, Bi Nukta! Hilo nalo utalifuta kwa kalamu? Nilikuwa sipandi ngazi.

— Imepanda. Sibishi. Ndicho kinachonitisha.

Aligeuka akamkabili. Kama kuna kitu Mzee Risasi alikuwa hakipendi tangu ujana, ni kukabiliwa na Bi Nukta akiwa ameshika prufu. Sasa hakuwa na prufu, na ilikuwa vilevile.

— Unakumbuka tuligombana kwa ajili ya "si"?

— Tuligombana kwa ajili ya kila kitu.

— Kwenye karatasi ileile ya mikia. Wewe ulipanga "itumiwe." Mimi nikasema kwenye mswada ni "isitumiwe." Ukaapa kwamba uliipanga, tukapiga magoti wote wawili tukaitafuta, na ile s na ile i tukazikuta chini ya mashine.

Mzee Risasi alicheka bila kutaka. Aliikumbuka. Alimkumbuka Bi Nukta akiwa na vumbi usoni, akinyanyua herufi mbili juu kama mtu aliyevua samaki. Alikumbuka harufu ya wino na mke wake mlangoni akiuliza mnatafuta nini huko chini, nyinyi wawili.

— Nazikumbuka, alisema. Ziligongwa zikatoka, sikuzisahau. Mpaka leo nasema ziligongwa.

— Sawa, ziligongwa. Mstari wenyewe unaukumbuka?

— Mstari gani?

— Ulioupanga.

Akasema ukweli, ambao kila mpanga herufi anaujua na hakuna anayeupenda.

— Dada, sisi tulikuwa tunasoma herufi. Tena kinyumenyume. Maneno yalikuwa yako.

— Basi nikusomee. "Dawa hii isitumiwe peke yake kwa mtu ambaye chanzo cha upungufu wake wa damu hakijajulikana." Halafu chini yake: kama kinachokosekana mwilini ni vitamini B12, foliki nyingi inaweza kuirudisha damu ikawa nzuri, huku mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika kimyakimya. Mgonjwa anaona amepona. Anayepima damu anaona amepona. Ganzi inaanzia miguuni, inakwenda mikononi, na ikiachwa sana hairudi yote.

Neno "mikononi" lilimwingia Mzee Risasi kama baridi. Aliificha mikono yake kwa kukishika kikombe kwa yote miwili.

— Hiyo B12 inatoka wapi? aliuliza Gundi.

— Nyama, mayai, maziwa, samaki. Lakini tumbo la mzee mara nyingine linashindwa kuichukua hata akila.

— Mimi nyama nilishaiaga na meno, alisema Mzee Risasi.

— Kwa hiyo ndiyo hiyo! Daktari alirukia. Nilijua! Nilikuwa naelekea hapohapo!

— Ulikuwa unaelekea wodi ya wazazi, alisema Gundi.

— Sisemi ndiyo hiyo, alisema Bi Nukta. Mimi si daktari, na si daktari kama huyu wetu pia. Inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa hata risasi yenu. Nasema hakuna aliyeuliza. Walipokwambia damu imepungua, walitafuta kwa nini? Uliwaambia habari za miguu? Uliwaambia unameza nini?

— Waliniuliza jina.

— Kesho nakusindikiza zahanati ile kubwa. Unakwenda na kopo lako, unawaonyesha, unataja miguu, unaomba wapime B12. Ikiwa ndiyo, ina dawa yake, kuna sindano. Sikwambii utupe vidonge, wao ndio watakaosema. Nakwambia usijitibu kwa kopo la mwanao.

Kesho. Mzee Risasi alilipima neno hilo. Kwenda ni kuambiwa. Akiambiwa ni B12, ataulizwa ganzi imeanza lini, na itabidi ataje vidole, na mtu mwenye koti jeupe atasema kama vitarudi au havitarudi. Akibaki benchini, bado ni mtu mwenye damu ya kijana na miguu inayoomboleza mashine. Hapa alikuwa na marafiki, kahawa, na ukuta ambao alama mojawapo ya vidole vile ilikuwa yake.

— Kesho nina shughuli, alisema.

— Ipi?

— Shughuli.

— Kesho kutwa.

— Bi Nukta, mbona unaniharakisha kama gazeti la Ijumaa? Wiki ijayo. Miguu ni yangu. Nimekuja nayo hapa, nitaondoka nayo. Imelala, haijafa. Mtu aliyelala si huamka mwenyewe?

— Hapo amesema, alisema Gundi, ambaye hakupenda ugomvi. Ongeza kahawa.

— Na meza ukiwa umesimama, aliongeza Daktari, dawa iteremke.

Bi Nukta alifumba mdomo. Alikuwa na namna ya kufumba mdomo ambayo zamani ilisimamisha mashine. Sasa haikusimamisha kitu. Muziki wa dukani ulibadilika ukawa mwingine uleule.

Ndipo akatokea mama mmoja kutoka upande wa kona, mfuko wa sokoni begani, mtu ambaye hawakumfahamu. Mkono mwingine ulishika ndara ya ngozi, ya mguu mmoja, kuukuu, kisigino kimelika upande. Alisimama mbele ya benchi.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba, mama.

— Samahanini. Hiki kiatu ni cha nani? Nimekikuta katikati ya barabara, pale kwa kinyozi. Gari lilikuwa linataka kukikanyaga.

Mzee Risasi alikuwa wa kwanza kucheka.

— Mama, tutazame vizuri. Tumezeeka, lakini bado hatujafika kwenye kupoteza kiatu mchana kweupe. Labda mlevi.

— Au mtu anayekimbia deni, alisema Daktari.

— Kimoja tu? aliuliza Gundi. Mtu atembee na kimoja mpaka wapi, asijue?

Gundi akaangalia viatu vyake, vyote viwili. Daktari akaangalia vyake. Bi Nukta hakuangalia vyake. Aliinama taratibu, akatazama chini ya benchi, na akakaa ameinama hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika kuhesabu miguu.

Mzee Risasi aliwaona wanavyomtazama. Aliivuta miguu yake kutoka chini ya ubao, na alipaswa kuitazama ili ajue kwamba imekuja. Mmoja ulikuwa na ndara. Mwingine ulikuwa mtupu, mweupe kwa vumbi la kutoka kwa kinyozi mpaka hapa, na kwenye kidole gumba palikuwa na kipande cha chupa kimesimama. Damu ilikuwa inatoka. Ilikuwa damu nzuri kweli, nyekundu, nzito, haina kasoro. Chini ya benchi ilikuwa imeshatengeneza kidimbwi chake.

Mama yule alitua mfuko wake, akapiga goti, akauchukua mguu mapajani mwake kama wa mtoto. Alikichomoa kipande cha chupa kwa kucha mbili. Mzee Risasi hakushtuka. Alikuwa akimtazama tu, kwa hamu, kama mtu anayeangalia kazi ya fundi kwenye kitu cha jirani.

— Baba, mama aliuliza, kwani hukusikia?

Gundi alikuwa bado ameshika chupa ya kahawa, imeinama, haimimini.

Mama alifuta vumbi kwa pindo la khanga yake, kisha akaweka kiganja wazi juu ya unyayo wote, akabonyeza.

— Na hapa je? Unasikia?

Mzee Risasi aliuangalia mkono ule juu ya mguu wake. Aliuona vizuri kabisa: pete nyembamba, kucha zilizokatwa fupi, damu kidogo kwenye kidole cha shahada.

— Naona, alisema.

Bi Nukta akachukua chupa mikononi mwa Gundi, akaifunga kifuniko. Kahawa ilikuwa bado nusu. Kisha akasimama mbele ya Mzee Risasi, akampa mkono, na yeye akaushika kwa nguvu sana, kwa sababu hakujua ni nguvu kiasi gani.